Seli Isiyosikia Filimbi

Alhamisi

Mfano wa sungusungu ulinitoka tu. Kidato cha nne walikuwa wananitumbulia macho, hawaelewi seli za kinga zinazoua zinajuaje nani wa kuua. Nikawaambia ni kama sungusungu wetu wa doria ya usiku: ukisimama kwa filimbi wewe ni mwenyeji, usiposimama ni mwizi. Seli hizo zina vipokezi vya aina mbili. Kimoja kikiona alama ya mwenyeji juu ya seli, kinazuia kipigo. Kingine kikiona dalili za hatari, kinachochea. Alama ikikosekana, uchochezi unashinda.

Wakaelewa wote. Nikafurahi, mjinga mimi.

Nyamizi akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama seli ni nzima, ila alama yake imepotea?"

"Huenda ikauawa hivyo hivyo."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Baba yake alikuwa kiziwi. Mwaka juzi, usiku, alikuwa anarudi nyumbani kutoka kuchochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku, akapigiwa filimbi, hakusimama. Zamu ile ya sungusungu nilikuwemo. Sikumpiga. Ila filimbi ilikuwa yangu.

Wote wa zamu tulikubaliana tusitajane. Nyamizi anajua? Kila asubuhi ananiamkia shikamoo, nami naitikia marahaba kama vile...

Kengele ikalia, wenzake wakatoka. Yeye akabaki ananakili yaliyo ubaoni, kisha akauliza taratibu, "Zikishaua kimakosa, huwa zinajua?"

"Hazijui," nikamjibu.

Sisi tulijua kabla mwili haujapoa.