Kichekesho cha Huku na cha Kwenu

Hull, Uingereza, Jumapili

Clifford,

Huku ni mvua tu. Paka mzima, na mama yako bado ananuniana na jirani.

Jana nilikitazama na dada yako Doreen kile kichekesho cha Kimarekani unachokisifu. Kumbe wamechukua chetu, cha mtu na mkewe wanaouza samaki na chipsi, wakakiosha! Duka linang'aa, meno yanang'aa, na kila kipindi kikiisha wanakumbatiana na kuambiana "nakupenda". Wa kwetu humwambia mkewe, "Sogea huko, jini wewe," kisha humwachia kipande kikubwa cha samaki.

Doreen akasema, "Yule wa kwetu ndiye mume. Huyu wa Marekani ana lake jambo."

Nilicheka. Alipoondoka, nikaisoma tena barua yako ya mwisho. Tangu kiwanda kikupeleke Ohio ulikuwa ukilalamika kwamba hao watu hucheka kabla ya utani, na chai yao ni maji ya kuoshea vyombo. Safari hii hata chai hukuitukana. Na pale chini umeandika, "Nakupenda sana, kipenzi changu."

Kipenzi? Wewe? Nilipomzaa Karen uliniambia, "Umejitahidi, bibi kizee," nami nikalia kwa furaha. Nani amekufundisha maneno hayo, Clifford? Na chai anakupikia nani?

Kama hakuna mtu, niandikie upesi. Nitukane kidogo, nijue bado u wangu.

Jini wako,
Glenys