Kilio Walichokicheka Misima

Jumatatu, 7 Julai
Vidonge, uji, kiti cha barazani. Miguu imevimba tena. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Binti yangu Roza anauliza kwa nini nachungulia barabarani kama namngoja mtu. Simngoji mtu. Situlii tu.

Jana nililia nikisikiliza kwaya redioni. Wimbo wenyewe mbaya. Roza akasema, "Baba, siku hizi machozi yako karibu." Alisema kwa upole. Upole huo ndio ulioniudhi.

Alhamisi, 10 Julai
Simu kutoka Misima. Sefu hali tena chakula.

Sefu ni Mzigua. Mimi ni Mnyamwezi, mtoto wa mkata mkonge wa hapa Korogwe. Kwa hiyo ni mtani wangu. Tulifundisha shule moja tukiwa vijana, na tuliahidiana: atakayetangulia, mwenzake atasimama kwenye msiba wake awakejeli wanaolia mpaka wacheke. Ndiyo kazi ya mtani. Nimeifanya Kang'ata, Misima, Handeni mjini. Naifanya vizuri.

Maneno ninayo. Anayelia huku anaangalia nani anamtazama, huyo anajiliza. Anayeshikiliwa huku na huku, anadeka. Hilo ni neno la mtoto na la mke mpya, ukimpa mtu mzima umemvua nguo. Mkwe anayezirai ni tamthilia. Anayeapa kwamba hatakula tena maishani, namwambia ametia chumvi, asubiri pilau iive. Vijana wa stendi sasa wana la kwao, mahaba niue. Nalo nimelitumia. Watu hucheka, wanafuta uso, wanaomba maji. Inasaidia kweli.

Lakini nakiri hapa, maana muda sina. Niliyapenda maneno hayo kwa sababu yalinilinda. Mke wangu alipokufa sikutoa chozi. Niliwaogopa watani wangu.

Jumapili, 13 Julai
Nimekwenda Misima. Daktari alikataa, Roza alikataa. Jirani akanipakia kwenye gari lake.

Nilitaka kumwambia Sefu jambo moja, kwamba sikupata ndugu mwingine kama yeye. Njiani nililipanga hivi na vile. Kila nilivyolipanga lilisikika kama kudeka.

Amekonda, shingo imebaki mishipa. Akafungua jicho moja. "Mnyamwezi. Umekuja kupima kaburi?" Nikamwambia nimekuja kuangalia cha kurithi, naona hakuna kitu. Akacheka, akapaliwa, mkewe Mama Mwanaidi akatufokea wote wawili. Nikamshika mkono. Akautazama mkono wangu.

"Acha kudeka, mzee mzima."

Nikauachia. Nimerudi sijasema. Nina hasira, sijui ni naye au na nafsi yangu.

Jumatatu, 14 Julai
Sefu amefariki alfajiri. Maziko kesho, wanasubiri watoto kutoka Dar.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Roza ameficha viatu vyangu. Nitakwenda na ndala.

Jumanne, 15 Julai
Asubuhi Roza alivileta viatu mwenyewe, akanifunga kamba, akaja nami.

Uwanja ulijaa. Wanaume nje, wanawake ndani na mjane wao, isipokuwa Roza aliyebaki karibu nami. Kabla jeneza halijatoka mzee mmoja akapaza sauti, "Mtani yuko wapi? Msiba umepooza huu!" Nikasimama na fimbo yangu.

Nilianza vizuri. Nikamwambia mtoto mkubwa wa Sefu kwamba anajiliza ili apewe shamba la bondeni. Wakacheka, na yeye akacheka. Jeneza likatoka. Nikaligeukia nimkejeli Sefu mwenyewe, jinsi alivyokuwa mbishi hata kwenye kufa. Sauti ikakatika. Kikatoka kilio nisichokijua, kama cha mbuzi. "Sefu, unaniachia nani?" Nilisema hivyo mbele za watu. Nikakaa mavumbini.

Wakacheka. Uwanja mzima. Walidhani namwigiza mjane.

"Mnyamwezi huyu hatari! Ona anavyojitupa!"

Kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka. Yule mzee alijishika mbavu. Mwingine akapiga makofi. Hata Roza alitabasamu, ameinamisha kichwa kwa aibu. Jeneza likapita juu yangu mimi bado niko chini, na nyuma yangu mtu anasema hajawahi kuona utani kama ule.

Sikuwasahihisha. Ningesema nini ambacho kisingekuwa utani?

Alhamisi, 17 Julai
Sijatoka kitandani. Simu zinaingia za pongezi. Mmoja anataka niende Kang'ata, mjomba wake yuko mahututi.

Naandika ili pawe na mahali pamoja penye ukweli: sikuigiza. Nilimlilia Sefu. Sikujiliza, sikudeka, sikutia chumvi. Au pengine nilifanya yote matatu, na ndivyo mtu anavyolia. Nimechoka kuvipima vilio.

Ahadi nimeitimiza. Watu walicheka. Mbona najiona kama mtu ambaye hakufika mazikoni? Nageuka ukutani, nageuka dirishani. Moyo unakwenda mbio, na daktari amesema usiende mbio.

Jumapili, 20 Julai
Leo baridi kidogo. Nimekunywa uji wote.

Mchana alipiga Mama Mwanaidi. Yumo edani, hatoki. Akauliza miguu, nikamwambia ipo.

"Mtani, wao walikuwa wanakuangalia. Mimi kule ndani nilikuwa nasikia tu."

Nikaisogeza simu sikioni.

"Sikucheka mimi," akasema.

Upande wake nilisikia kuku, na mtu anatwanga. Nikalia, taratibu, bila kufunika simu. Alisikia. Hakukipa kilio changu jina. Tukabaki hivyo mpaka salio lake lilipoisha.