Tairi la Baba Mkwe

Jumatatu, 5 Mei

Shule tena. Nimetoka nyumbani Bariadi saa kumi na mbili na robo, Ngulyati nimefika kabla ya kengele. Wiki ya tatu hii tangu pikipiki iwe yangu. Mwalimu Mkuu hana tena la kunisema kuhusu kuchelewa, na hilo peke yake linanifanya nilale vizuri.

Kitu kimoja kinanikera. Nyuma kunacheza. Nikishika lami na kukaza mwendo kidogo, kiti kinanipepeta kama mchele kwenye ungo. Nikipunguza, kunatulia. Masunga anasema sijazoea. Mume wangu huyo, anasema hivyo na leseni yangu ni ya zamani kuliko yake.

Jumatano, 7 Mei

Mvua ya manyunyu asubuhi. Kwenye kona ya kuingia shule tairi la nyuma limekwenda lenyewe, mimi nimebaki njia yangu. Nusura niingie mtaroni. Wanafunzi wameona. Nimeshuka, nimekung'uta sketi, nimeingia darasani kama hakuna kilichotokea.

Nimelitazama tairi leo kwa mara ya kwanza, kulitazama hasa. Kipara kitupu katikati. Ubavuni nyufa.

Kwa nini sikulitazama siku ya kununua? Najua kwa nini. Pikipiki ilikuwa ya baba mkwe. Alisimama palepale uani kwake, mimi nimepiga magoti kule mbali ninakostahili kuwa. Mkamwana hainami mbele ya baba mkwe, seuze kuinama akichungulia matairi. Na Masunga naye hakuinama, maana mtoto kukagua kitu cha baba yake ni sawa na kumwita mwongo mbele za watu. Tukashukuru. Wabeja, wabeja. Tukaondoka na tairi kipara, watu wazima wawili wenye akili zetu.

Mzee alisifia tairi hilohilo. Miaka yote halijawahi kupata pancha, alisema. Kwenye njia za ng'ombe zilizojaa miiba ya migunga. Nilimwamini.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda kwa Jilala, fundi wa karibu na stendi, kuongeza upepo tu. Amekataa. Amepitisha kidole kwenye nyufa, akanitazama kama mgonjwa aliyechelewa kuja hospitali. Cheni imelegea, amesema. Breki ya nyuma imekwisha. Lakini kwanza tairi. Hataki kulijaza upepo halafu asikie habari zangu kwa watu.

Nimemweleza Masunga. Amekiri limekwisha. Halafu ameomba tusibadilishe sasa. Baba anapita hapa mara kwa mara, ataona tairi jipya, atajua tumelidharau la kwake. Tungoje miezi miwili mitatu, ionekane limechakaa mikononi mwetu.

Nimekubali. Sijui ni nini kiliniingia. Mimi ninayegombana na maafisa elimu, nimekubali kuendesha kifo changu ili mzee asione haya.

Jumatano, 14 Mei

Ujumbe umekuja kupitia kwa Masunga, kama kawaida. Baba mkwe hajawahi kunipigia simu, na mimi sijawahi kumpigia. Wifi yangu wa Mwandoya amejifungua, mtoto wa kike. Mzee ameamua: Jumamosi ya tarehe 24 Masunga ampeleke mama yake kwa pikipiki ile, akamwone mjukuu.

Masunga ameitikia ndiyo baba, ndiyo baba. Simu ilipokatika hakunitazama.

Mama mkwe si mwepesi. Na atabeba mchele, kuku, na khanga za mtoto. Mwandoya si hapa. Nimeshindwa kula.

Ijumaa, 16 Mei

Nimesimama njiani leo nikitoka shule. Harufu ya mpira unaoungua. Nimegusa tairi la nyuma, nikaurudisha mkono haraka. Moto. Sikuwa na mzigo wala abiria. Nimeisukuma pikipiki kwa mguu mpaka kwa Jilala, jua lote la saa tisa, bodaboda wakinizomea mwalimu kaishiwa mafuta. Nilikuwa na hasira za kumtosha kila mtu.

Jilala amelifungua tairi. Ndani kuna tairi jingine. Kipande cha tairi kuukuu, kimekatwa kwa kisu, kimezungushwa kati ya tairi na tyubu, ncha zimepandana. Hapo ndipo nilipoelewa ile siri ya kutopata pancha. Jilala anasema wafugaji wengi hufanya hivyo. Kwenye njia za ng'ombe, mwendo wa pole, mwiba haufiki kwenye tyubu na mtu anafurahi. Ukija nalo kwenye lami, ukaweka mwendo na mzigo, kile kipande kinatembea. Kinasugua. Kinachemka. Tyubu amenionyesha: pale kwenye ncha imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Ingepasuka wakati wowote, amesema. Labda leo, kama usingesimama.

Nimekaa kwenye benchi lake. Nimemwona mama mkwe na kuku wake wamelala barabarani. Nimewaona hivyohivyo, waziwazi. Nikamwambia Jilala asirudishe kitu. Gurudumu abaki nalo. Pikipiki imeletwa nyumbani kwa mkokoteni, na tairi na kile kipande nimevichukua.

Jumamosi, 17 Mei

Ugomvi. Masunga anataka gurudumu lirudi, tyubu mpya iingie, safari ifanyike, halafu tutabadilisha kimyakimya. Baba asijue. Nimemwambia atakayekaa juu ya tairi hilo ni mama yake mzazi. Halafu amesema nitaitwa mwanamke asiye na adabu.

Niitwe.

Hatujaongea tena tangu hapo. Chakula nimempikia.

Jumapili, 18 Mei

Mzee amekuja baada ya ibada, kama nilivyojua atakuja. Ameikuta pikipiki uani imeinuliwa juu ya tofali, haina gurudumu. Amesimama akiitazama muda mrefu. Masunga ameanza kusema fundi, fundi, halafu maneno yamemwishia.

Nilikuwa jikoni. Nilijua nikingoja nitaogopa. Nimetoka, nimepiga magoti, nimemwamkia, mwangaluka baba. Ameitikia. Nikanyanyuka, nikachukua kigoda, nikakiweka katikati yetu, si karibu naye. Juu yake nikaweka tairi, na kile kipande pembeni. Nikarudi nyuma, nikapiga magoti tena. Kumhubiria mzee sikutaka, na sauti nisingekuwa nayo.

Masunga alikuwa anatazama chini kabisa, kama anatafuta sindano.

Baba mkwe amesogea. Amelishika tairi. Amelikunja ubavu, amepitisha kidole ndani ya ufa ili aone kina chake. Kidole kikatokea upande wa pili. Akakitazama kidole chake. Akakirudisha. Akakipitisha tena, kana kwamba hakuamini mara ya kwanza.

Akauliza swali moja tu. "Juu ya hili ndipo angekaa mama Masunga?"

Nikasema ndiyo, baba.

Amelirudisha tairi kwenye kigoda taratibu. Hakunywa chai. Ameondoka kwa bodaboda.

Masunga ameniambia nimeharibu. Sijui. Magoti yananiuma, lakini sijutii. Hata nikifukuzwa sijutii.

Jumanne, 20 Mei

Kimya. Kimya kutoka kwa wakwe. Nimekwenda shule kwa bodaboda, nimechelewa, nimesemwa. Masunga ananiangalia kama mtu anayengojea hukumu ya mwenzake.

Nimelia kidogo chooni kwa walimu. Basi.

Jumatano, 21 Mei

Simu imelia saa nne, namba ya baba mkwe. Nimedhani amebonyeza vibaya. Nimepokea nimesimama, na huko nilikokuwa nimesimama nimeinama kidogo kwa adabu, darasa la tano wote wakinitazama.

Ameniita ng'wana Shija. Kwa jina la baba yangu, kama anavyoita watu anaowapa uzito. Ameuliza tairi zuri linatambulikaje. Si kwa Masunga ameuliza. Kwangu. Nimemweleza: maua marefu ya kushika barabara, ubavu usio na nyufa, lisiwe limekaa dukani juani miaka. Lisivishwe kitu ndani, maana tyubu husuguliwa ikawa ganda la kitunguu. Amesikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema Jumamosi atakayempeleka mama ni yule aliyekagua.

Nimerudi kufundisha sehemu. Nimekosea hesabu mbili ubaoni na watoto wamenisahihisha. Nimecheka nao. Sikumbuki lini nilicheka hivyo darasani.

Ijumaa, 23 Mei

Siku yangu leo. Naandika kwa herufi kubwa kichwani: SIKU YANGU.

Baada ya shule tumeirudisha pikipiki kwa Jilala kwa mkokoteni, na baba mkwe ametukuta huko. Amekuja na matairi mawili mapya, la mbele na la nyuma, ameyavaa begani kama mkufu. Amenunua mwenyewe. La mbele sikuwa nimelisema hata. Amesema kama la nyuma limemdanganya, la mbele haliamini tena.

Halafu ameinama. Mzee yule. Ameinama hadi goti limegusa oili, akakagua spoku mojamoja akizigonga kwa kucha. Cheni mpya imefungwa. Breki ya nyuma imefungwa. Masunga alikuwa anashika tochi ya simu mchana kweupe, hakuna aliyemwomba, lakini alitaka awe na kazi.

Wafugaji wawili wamekuja kuongeza upepo. Baba mkwe amewauliza kama matairi yao yamevishwa ndani. Wamejibu ndiyo, kwa fahari. Nimemsikia akiwaeleza kuhusu lami na moto na tyubu kuwa ganda la kitunguu. Ganda la kitunguu! Maneno yangu, niliyompa kwenye simu. Amewaambia yeye aliendesha hivyo miaka yote, na aliyemfumbua macho ni mkamwana wake, mwalimu, yule pale. Wote wamegeuka. Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi la gereji, nikicheka, sikuweza kujizuia.

Jilala amejaza upepo bila kugoma. Nimeijaribu mpaka nje ya mji na kurudi. Kiti kimetulia. Nimepiga honi bila sababu yoyote.

Masunga jioni ameosha vyombo. Msamaha sikumdai. Ila alipomaliza amesema, "Ulifanya vizuri," akageukia ukuta.

Jumamosi, 24 Mei. Mwandoya

Tumefika saa sita. Lami, halafu vumbi, halafu ng'ombe wengi njiani ambao tumewasubiri wapite. Nilisimama mara mbili kugusa matairi. Vuguvugu tu.

Mtoto ni mzuri, ana nywele nyingi. Wifi amechoka lakini anacheka.

Mchana tumekaa kivulini, mama mkwe amekunja khanga hadi gotini ili apate upepo. Kuna kovu refu. Nimeuliza. Amesema aliangushwa na pikipiki ileile, mara mbili, mzee akimpeleka mnadani. Mara ya pili alilala siku tatu. Alijua ni tairi, alilisikia likicheza chini yake. Hakumwambia mtu. Angesemaje, ameuliza, na mzee analisifia kwa kila mgeni. Tangu hapo kila safari alipanda akisali na kumng'ang'ania mzee kiunoni hadi vidole vinakufa ganzi.

Nikakumbuka safari ya leo. Hakunishika kiuno. Mikono yake ilikuwa mapajani, na baada ya ng'ombe wale nilisikia kichwa chake kimeegemea mgongoni kwangu, kizito. Nilidhani amechoka.

Alikuwa amelala.

Sasa hivi yuko ndani na mjukuu. Jua limepungua. Kesho kabla ya kuondoka nitapima upepo.