Aleluya ya Mama

Jumamosi

Nilitamani kujificha jikoni. Leo jumuiya ilisali kwetu, na Mama akaamua kuwapigia gitaa, yeye aliyeanza kujifunza juzijuzi tu, tulipomaliza kuvuna kahawa. Niliogopa watamcheka.

Kwenye Aleluya vidole vikakwama. Lakini hakuna aliyemwacha nyuma. Wote waliivuta ile "luuu" mpaka akapata nyuzi zake, ndipo wakamalizia "ya".

"Mama Neema, Aleluya hii imefika Songea!" mwenyekiti akatania.

"Si mmefika wote?" Mama akajibu, akaomba warudie.

Warudie! Mimi nikikosea Kiingereza darasani, nanyamaza wiki nzima. Yeye akarudia, akakosea palepale, akacheka kuliko wao.

Sijui moyo ule anautoa wapi. Ee Mungu, nigawie hata robo.