Nukta Iliyosimama Kambi Muru

Sasa Nafula, mjukuu wangu,

Hapa Kawangware tu wazima. Babu yako amechoka kuniomba niache kugombana na wahariri wa magazeti.

Umeuliza kama redio ya kufuatilia gari itakupunguzia wasiwasi kaka yako akiwa safarini na lori. Ngoja nikueleze.

Miaka mingi iliyopita mama yangu alikuwa akipumua kwa mtungi wa oksijeni, na siku moja ulikaribia kuisha. Kaka yangu Wekesa alikuwa analeta mwingine kwa pikapu kutoka Laini Saba. Sote wawili tulikuwa na leseni za redio za mawasiliano za kujifurahisha, na redio yake ya garini ilituma mahali lilipo gari kila dakika mbili. Mimi nyumbani niliona gari hilo kama nukta kwenye ramani ya kompyuta.

Nukta ikasimama Kambi Muru. Mshale wa kipimo cha mtungi ukazidi kushuka. Nikamwita redioni, kimya.

"Ameshuka kunywa chai huyo!" nikafoka. "Mvivu tangu utotoni!"

"We, punguza kelele," mama akasema ndani ya barakoa. "Unanimalizia hewa."

Nilikuwa bado naitukana skrini Wekesa alipoingia akitiririka jasho, mtungi begani. Barabara ilikuwa imefungwa na jam, kwa hivyo aliacha pikapu palepale akapanda bodaboda.

Nukta haikudanganya. Gari lilikuwa limesimama kweli.

Tulipombadilishia mama mtungi, alivuta pumzi akasema, "Haya, mwombe kakako msamaha." Nikaomba.

Weka redio, Nafula. Itakuonyesha lori. Habari za kaka yako, muulize mwenyewe akifika.

Nyanya yako