Gauni Lililobaki Kwenye Cherehani

Jumatano, 4 Machi

Nyumba ya shangazi inavunjwa Jumamosi, barabara mpya ipite. Naipiga picha pembe zote kwa ajili ya maonyesho — chumba cha projekta, mtu anaingia, kuta nne zinageuka nyumba ya shangazi. Nimemkuta ameshaanza kufungasha. Nikamwomba arudishe vitu, nimalizie kesho na jua la asubuhi. Kabati tupu halina uhai! Akacheka. Eti nyumba inavunjwa, mimi nataka ipendeze. Lakini amefungua mabunda. Cherehani karudisha dirishani, gauni la kijani la mteja chini ya sindano. Dirisha hilo nimewahi kulipiga picha na kurekodi mlio wa cherehani kabla giza halijaingia.

Alhamisi, 5 Machi

Wabomoaji wamekuja leo, siku mbili kabla. Alfajiri! Majirani walikuwa wameshahamisha kila kitu, hadi mapazia. Shangazi katoka na nguo za kulalia tu. Cherehani na gauni viko chini ya ukuta ulioanguka. Nimefika kamera shingoni, sikujua niifiche wapi. Na yeye ndiye kanipa pole — maskini mwanangu, hukumaliza kazi yako. Ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe.

Jumapili, 26 Aprili

Shangazi bado analala sebuleni kwetu. Anashona vifungo vya watu kwa mkono. Mwenye gauni anamtangaza kila kona kwamba kauza kitambaa chake. Wateja wamekimbia.

Leo nimeunganisha picha zote. Mlio wa cherehani unazunguka kuta nne. Msimamizi wa maonyesho kasema nyumba kama ina watu ndani. Nimefurahi. Nimefurahi kweli, na ndiyo aibu yenyewe.

Mficha uchi hazai, najua. Ila kila nikifungua mdomo nimwambie shangazi kosa ni langu, najikuta namuuliza kama ameshakula.

Ijumaa, 8 Mei

Naandika chooni, daftari magotini. Ukumbi wa maonyesho umejaa.

Shangazi kaja na mwenye gauni! Kuta nyingine hakuziangalia. Kamkokota moja kwa moja hadi dirishani, penye cherehani ya mwanga. "Haya, fungua macho! Gauni lako si hilo? Lilibaki upindo tu!" Mama wa watu kanywea, kaomba radhi mbele ya kila mtu. Wageni wakapiga makofi. Shangazi kavimba kwa raha, sijamwona hivyo tangu Machi.

Kisha yule mama akauliza, kwa upole tu: "Lakini dada, wenzako walihamisha mapema. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu. Mwangu!

Shangazi akanitazama. Akanyoosha mkono kwenye gauni, kijani kikamjaa kiganjani.

"Uzembe wangu tu," akasema.

Na mimi nikasema asanteni kwa kuja.

Sasa anagonga mlango. "Mwanangu, unaumwa? Toka basi. Wanataka kukupiga picha."