Mbwa Wangu Akisikia Sauti Yangu Anakimbia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi maana mbwa wangu yuko kwenye kamba akisubiri hukumu, nami nimekuwa kichekesho cha kijiji. Tangu tulipohamishiwa kijiji hiki cha ujamaa, nguruwe pori wanamaliza mihogo ya shamba la pamoja, basi kamati ikasema wenye mbwa watoke wakawinde, nami nina dume langu naliita Bepari, ana mbio na pua kali ila utii hana, nikimwita anasimama mbali ananitazama, akija namchapa kwa kuchelewa, kesho yake anachelewa zaidi nami namchapa zaidi, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha tangu mdogo kwa bidii zangu zote. Juzi mawindoni Bepari alimzuia nguruwe kichakani, jirani yangu Malongo akasogea na mkuki, na mimi, nikitaka wenzangu waone kuwa mbwa wangu ana adabu, nikapaza sauti, "Bepari, njoo hapa," naye kusikia tu akafyata mkia akatimkia porini, nguruwe akapata njia, akamchana Malongo paja, na hadi leo amelazwa hospitali. Wazee wamesema akitoka ndiye atakayeamua kama mbwa auawe. Kinachoniuma zaidi, jioni ile mke wangu Adelfina alisimama mlangoni akasema taratibu, "Bepari, njoo baba," mbwa akatoka migombani akamlalia miguuni, wanaume wenzangu wakitazama. Nikamwuliza, "Umempa dawa gani?" Akajibu, "Nampa chakula." Mimi siamini. Je, niende kwa mganga, au nimuue mbwa nirudishe heshima?

Kazimili, Biharamulo

Ndugu Kazimili,

Pole kwa Malongo. Wewe pole yako ingoje kidogo.

Unasema mbwa hana utii. Anao, tena mwingi. Umemfundisha kwamba "njoo" maana yake fimbo, naye somo kalishika vizuri kuliko mwalimu wake. Hata ningekuwa mimi, ungeniita nikaona fimbo mkononi mwako, ungenitafuta hadi wilaya ya Ngara. Na hilo jina! Anayewinda ni yeye, anayekula nyama ni wewe, halafu bepari awe yeye?

Mganga mwache apumzike. Dawa ya Adelfina umeshatajiwa: ni ugali, na sauti ya mtu asiyetafuta sifa.

Sasa sikiliza. Fimbo itupe. Jina mbadilishie, maana hilo limeshanuka kipigo. Mfunge kamba ndefu hapo uani, mwite mara moja kwa sauti ya kawaida, akisita mvute polepole, akifika mpe kipande cha nyama na umpapase. Akija amechelewa, mpe vilevile. Akizoea uani, mpeleke shambani, kisha karibu na mbuzi. Porini usimpeleke mpaka awaache mbuzi kwa neno moja. Na mbwa akishamzuia mnyama, wewe funga mdomo. Kama kuna jambo hujalielewa, muulize mkeo, na umuulize kwa adabu.

Lakini kabla ya hayo yote, nenda hospitali. Usingoje Malongo atoke aamue jambo asilolijua. Kaa kando ya kitanda chake umwambie, "Mbwa alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyemfukuza." Akikutukana, nyamaza. Akitaka kujigeuza upande, msaidie.